Tiba ya leza kwa goti, shingo na mgongo: kabla hujalipa, uliza dozi. Haya ndiyo yaliyomo kwenye majaribio

FizioKaskazini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Siku hizi matangazo ya tiba ya leza yamejaa kila kona. Goti lililosagika, shingo iliyokaza, kiuno, kisigino, ganzi ya mikono, vyote unaambiwa vinamalizwa kwa mwanga. Watu wanajikamua, wengine wanauza mbuzi, na wakifika kwetu kwenye fizio swali ni lile lile: hii kitu inatibu au ni biashara tu? Kwenye nyuzi nyingine humu naona majibu mawili, "utapeli" na "mimi nilipona". Majaribio yapo, tena mengi, na yanasema jambo mahususi kuliko majibu hayo mawili. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Leza inapunguza maumivu kwenye baadhi ya matatizo, ikipigwa panapotakiwa kwa dozi inayotakiwa. Dozi ikiwa pungufu unalipia taa. Na nimekutana na watoa huduma wanaotoza hela nzuri ambao ukiwauliza walimpa mgonjwa jouli ngapi (kipimo cha nishati ya mwanga), wanabaki kukutazama.

Tuanzie mbali kidogo. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman kule California mwezi Mei 1960. Miaka michache baadaye daktari wa Hungaria, Endre Mester, alikuwa Budapest akijaribu kurudia kazi ya Mmarekani aliyeshambulia uvimbe wa saratani kwa leza ya rubi. Mashine ya Mester ilikuwa na nguvu ndogo kuliko ya mwenzake. Uvimbe haukutikisika, lakini kwa panya aliokuwa amewanyoa, manyoya yaliota haraka zaidi pale mwanga ulipopiga. Hiyo ilikuwa 1967, na ndipo lilipoanza wazo la leza isiyokata wala kuunguza, inayochochea seli.

Kinachoelezwa kutokea ndani ni kwamba mwanga mwekundu na wa infraredi hufyonzwa na kimeng'enya kilichomo kwenye mitokondria, saitokromu oksidesi, na seli ikapata nishati zaidi. Tiina Karu wa Urusi ameandika sana juu ya hilo. Maabara zimeonyesha pia kwamba leza ya kutosha hupunguza kasi ya nyuzi ndogo za fahamu zinazobeba maumivu. Sitakaa hapo. Maelezo mazuri ya maabara hayajawahi kumshusha mtu ngazi bila kuchechemea. Twende kwa wagonjwa.

Jaribio la maana linakwenda hivi. Unachukua watu wenye tatizo moja, unawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja linapata leza ya kweli, jingine linapata leza hewa: mashine ile ile, mlio ule ule, inawekwa pale pale kwa muda ule ule, ila mwanga hautoki. Hapa leza ina bahati ambayo masaji na mazoezi hayana. Mwanga wa nanomita 830 au 904 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hauonekani kwa macho, na nguvu ikiwa ndogo ngozi haihisi kitu. Mgonjwa hajui yuko kundi gani, na anayeshika kifaa naye hajui. Kisha maumivu yanapimwa kwa mstari wa milimita 100, mwanzoni "hakuna maumivu", mwishoni "maumivu makali kuliko yote". Mgonjwa anaweka alama yake kwa kalamu, rula inasoma. Ukisikia "yamepungua milimita 20", maana yake alama imerudi nyuma kiasi hicho.

Sasa tazameni majaribio mawili.

La kwanza, 1998, Jeffrey Basford na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani. Tatizo ni kisigino, yale maumivu yanayochoma asubuhi ukishusha mguu kitandani. Watu 32, leza ya nanomita 830, nguvu miliwati 30, mara tatu kwa wiki kwa wiki nne. Leza ya kweli na leza hewa hazikuachana. Jaribio lilifanywa kwa uangalifu, na jibu lake lilikuwa hapana.

La pili, 2006, Roberta Chow wa Sydney, Australia, kwenye jarida la Pain. Watu 90 wenye maumivu sugu ya shingo. Leza ya nanomita 830 ile ile, lakini nguvu miliwati 300. Vipindi 14 ndani ya wiki 7. Ilipofika wiki ya 12, waliopata leza ya kweli walikuwa wameshuka kwa 2.7 kwenye mstari wa sentimita 10. Wa leza hewa walipanda kwa 0.3.

Kisigino si shingo, hilo najua, na majaribio mawili hayamalizi hoja. Lakini angalieni nguvu: mwanga wa aina moja, tofauti ya mara kumi. Hesabu yake ni ya sekondari, wati mara sekunde unapata jouli. Miliwati 30 inahitaji sekunde 133 kutoa jouli 4 kwenye nukta moja. Miliwati 300 inamaliza kwa sekunde 13. Mtoa tiba anayekugusa kila nukta kwa sekunde kumi akitumia mashine dhaifu amekupa sehemu ndogo ya jouli moja, na atakutoza sawa na aliyekupa dozi kamili.

Mtu akikuambia dawa ya malaria haikumsaidia, cha kwanza unamuuliza alimeza vidonge vingapi na kwa siku ngapi. Kwenye leza hatuulizi. Ndiyo maana miaka mingi mapitio ya tafiti yalitoka na majibu yanayopingana: dozi kamili na robo dozi ziliwekwa chungu kimoja.

Ushahidi mzito zaidi wa shingo ulitoka 2009 kwenye The Lancet, Chow tena, safari hii na Jan Magnus Bjordal wa Bergen, Norwei, na wenzao. Majaribio 16, watu 820. Kwa maumivu sugu ya shingo, leza ilipunguza wastani wa milimita 19.86 zaidi ya leza hewa, na nafuu ilifuatiliwa hadi wiki 22 baada ya tiba kwisha. Madhara yalikuwa madogo, sawa na ya leza hewa.

Goti ndilo linalonivutia kuliko vyote, maana ndilo linalojaza mabenchi yetu. 2015 yalichapishwa mapitio ya majaribio 9 yenye watu 518 waliosagika goti, hitimisho likawa leza haisaidii. 2019 timu ya Bergen, Martin Stausholm akiongoza, ikatoa mapitio kwenye BMJ Open: majaribio 22, watu 1063. Hawa waliyatenga kwa dozi. Upande mmoja yaliyotoa jouli 4 hadi 8 kwa nukta kwa leza za nanomita 785 hadi 860, au jouli 1 hadi 3 kwa zile za 904. Upande wa pili yaliyo nje ya hapo. Ukiyajumlisha yote, nafuu ni milimita 14.23 mwisho wa tiba. Ukichukua ya dozi inayopendekezwa peke yake inakuwa 18.71, na katika wiki 2 hadi 12 za ufuatiliaji inafika 23.23. Ya dozi nyingine yakabaki nyuma sana. Goti ni lile lile, majibu ni mawili.

Mahali pa kupiga pana uzito wake pia. Miaka ya 1990 mwanzoni Haker na Lundeberg wa Sweden walijaribu leza kwa maumivu ya kiwiko, yale ya wacheza tenisi ambayo mafundi ujenzi wetu wanayajua vizuri, wakapiga kwenye vituo vya akupancha, yaani zile nukta Wachina wanazochoma sindano. Hakuna tofauti. Bjordal alipokuja kupitia majaribio ya kiwiko 2008, leza ya 904 iliyopigwa moja kwa moja kwenye kano inapojishika kwenye mfupa ndiyo iliyoleta matokeo.

Mgongo wa chini nitaupita haraka kwa sababu ushahidi wake hautoshi. Mapitio ya 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, yalikuta majaribio 7, watu 384, yakakataa kusema ndiyo au hapana. American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, mwaka 2017 waliiweka leza ya nguvu ndogo kwenye orodha ya tiba zisizo za dawa kwa mgongo sugu, wakaandika wazi kuwa ushahidi wake ni wa kiwango cha chini. Mazoezi yalipewa daraja la juu zaidi kwenye orodha hiyo hiyo. Ganzi ya mkono inayotokana na mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono ipo hapo hapo: Cochrane 2017, majaribio 22, ubora duni, hakuna cha kushika kwa uhakika.

Karibuni kwa maswali na hoja.

Mwana wa Likoni

Shukran sana ndugu. Mamangu ana goti tangu zamani, aliambiwa mafuta yameisha. Hapa Mombasa kuna mahali wametuonyesha mashine wanasema ni daraja la nne, ina nguvu kushinda hizo unazozitaja, na eti hizo ndogo ni za zamani. Kama nguvu ndiyo shida, si hii basi ndiyo yenyewe? Mama ni mtu mzima, sitaki kumchezea.

FizioKaskazini

Ndugu yangu wa Likoni, mpe mama shikamoo yangu. Swali lako ni zito, nitalijibu kwa kirefu.

Madaraja ya leza ni ya usalama, hayapimi ubora wa tiba. Daraja 3B linaishia miliwati 500. Ikizidi hapo ni daraja la 4, na baadhi ya hizo zinafika wati kadhaa. Majaribio niliyoyataja juu karibu yote ni ya 3B kushuka chini. Nguvu ya juu inakuokolea muda, kwa sababu jouli zinafika upesi. Lakini dozi ina dari pia. Kwenye maabara mwanga mdogo hauchochei, wa kadiri unachochea, ukizidi unazuia. Kwa hiyo "kubwa zaidi" si hoja mpaka wakuambie jouli ngapi, nukta ngapi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi, na nasikitika kwamba halizungumzwi kwenye matangazo. Melanini inafyonza mwanga. Timu ya Bergen hiyo hiyo, kwenye jaribio lililochapishwa 2011, ilipima joto la ngozi za watu wa rangi mbalimbali waliojitolea. Leza ya nanomita 904 inayopiga kwa mapigo, wastani wa miliwati 60, haikupandisha joto la maana kwa yeyote. Leza ya nanomita 810 yenye miliwati 200 ilipasha ngozi nyeusi kuliko nyeupe kwa dozi ile ile. Hiyo ni miliwati 200. Mashine ya mama ni ya wati. Mtoa tiba mwenye mazoea ya ngozi nyeupe akishikilia kifaa mahali pamoja kwenye goti la mama yako anaweza kumuunguza.

Na joto hilo linaharibu hata utafiti. Leza ikipasha, mgonjwa anajua amepata ya kweli, na leza hewa inakuwa imejulikana. Hapo huwezi tena kutenganisha nafuu ya mwanga na nafuu ya kuamini. Ndiyo maana mimi naamini zaidi majaribio ambayo mgonjwa hakuhisi kitu.

Ukiamua kwenda: wamwambie mama aseme papo hapo akihisi moto, kifaa kisogezwe muda wote, na wote chumbani wavae miwani ya kinga inayolingana na wimbi la mashine hiyo. Wasipokuwa na miwani, rudini nyumbani.

Takwimu Kwanza

Mkuu FizioKaskazini, uzi mzuri, ila niruhusu nibane. Nafanya kazi za uchambuzi wa data za afya. Majaribio 16 yenye watu 820 ni wastani wa watu 51 kila moja. Majaribio madogo yakitoka na jibu la kupendeza yanachapishwa, yakitoka kapa yanabaki kabatini. Pili, hiyo dozi inayopendekezwa imetungwa na nani? Kama ni hao hao waliofanya mapitio, basi wamechora mduara mshale ukiwa umeshachoma ukuta. Ukigawanya makundi baada ya kujua matokeo, huwezi kukosa kundi linalopendeza.

FizioKaskazini

Mkuu, hoja zako zote mbili zina miguu.

Hiyo ya pili nijibu kwa ukweli wake. Dozi zinatoka WALT, chama cha kimataifa cha tiba ya leza. Bjordal ni mmoja wa waandishi wa mapitio ya 2019 na amewahi kuwa rais wa WALT. Walilitamka wenyewe kwenye makala, pamoja na kwamba hawakupokea fedha kutoka huko. Linalowatetea ni kwamba jedwali la dozi la WALT lilikuwa hadharani tangu 2010, na mpango wa mapitio uliandikishwa kabla kwenye PROSPERO, sajili ya mipango ya mapitio. Mduara ulikuwa umechorwa. Ila ndani ya jedwali lile kulikuwa na majaribio ya zamani, na baadhi yake yaliingia tena kwenye mapitio, kwa hiyo hauko huru kabisa. Ningependa kuona kundi lisilo na uhusiano wowote na WALT likifanya jaribio kubwa la goti, watu mia kadhaa, dozi ya WALT dhidi ya leza hewa, mwaka mzima.

Ya kwanza nakubaliana nayo moja kwa moja. Wastani wa milimita 20 kutoka kwenye majaribio madogo, jaribio kubwa likifanyika usishangae ukishuka. Mimi nauchukua kama dari. Hata ukishuka hadi 12 au 13 bado ni kitu kwa bibi anayemeza diklofenaki kila siku huku ana presha na figo zinachoka. Hapo ndipo thamani ya leza ninapoiona: kwa mtu ambaye vidonge vinamuumiza.

Takwimu Kwanza

Hapo kwenye figo umenishika. Nakubali kwamba kulinganisha na leza hewa peke yake hakutoshi, mgonjwa wa kweli analinganisha na vidonge. Nilichotaka ni watu wasichukue milimita 20 kama ahadi.

Mama wa Tabata

Samahani kaka zangu, mimi si mtaalamu. Nina baridi yabisi ya mikono, natumia methotreksati kutoka kliniki. Kuna mtu ameniambia leza inaponya, niache dawa kwa sababu zinamaliza nywele na ini. Vidole asubuhi haviwezi kufunga vifungo vya sare ya mtoto. Naomba ushauri.

FizioKaskazini

Dada yangu, pole sana. Nakuomba, usiache methotreksati.

Kwa baridi yabisi, Cochrane walipitia majaribio haya mwaka 2005. Waliopewa leza walipata nafuu ya 1.10 kwenye mstari wa sentimita 10 kuzidi wa leza hewa, na ukakamavu wa asubuhi ulipungua kwa dakika 27.5. Nusu saa hiyo kwa mtu anayemvalisha mtoto saa kumi na mbili ni kubwa, siidharau. Lakini ni nafuu ya muda mfupi. Ugonjwa wako unakula viungo kutoka ndani kwa sababu kinga ya mwili imegeuka. Methotreksati ndiyo inayoshika huo ugonjwa. Majaribio yale hayakuonyesha kwamba leza inazuia viungo kuharibika. Ukiacha dawa vidole vinaweza kupinda huku maumivu yakiwa yametulia, na vikishapinda havinyooki.

Nywele na ini lizungumzeni kliniki. Waulize kama unapewa foliki asidi, na vipimo vya damu vya ini vifanyike kwa ratiba. Leza ikiwa ipo na unaimudu, iwe juu ya dawa. Na huyo aliyekuambia uache dawa, usirudi kwake.

Nesi wa Zamu

Naongezea kwa wanaokwenda: macho ni la kwanza. Mwanga hauonekani, kwa hiyo jicho halifumbi kujikinga, na retina ikishaungua imeungua. Mwenye saratani asipigwe juu ya uvimbe, mjamzito asipigwe tumboni. Na kabla ya mwanga wowote, uchunguzwe. Maumivu ya mgongo yanayoamsha usiku, yenye homa na kupungua uzito, hayo huku kwetu lazima uwaze TB ya uti wa mgongo. Kuna watu wanapigwa mwanga miezi huku ugonjwa unatafuna pingili.

FizioKaskazini

Dada Nesi, asante kwa hilo la TB ya mgongo. Naongeza: miguu ikianza kulegea, haja ndogo ikigoma, au ganzi ikishika sehemu za siri, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, bila kujaribu kitu kingine kwanza.

Mkulima Rombo

Mkuu, mimi nililipia kifurushi kizima cha goti, elfu arobaini kila kipindi, mahali fulani mjini. Wananiwekea kitu kama tochi, taa nyekundu, dakika chache, naambiwa njoo kesho. Hakuna mazoezi, hakuna kupimwa. Nafuu sikuiona. Je, nimeibiwa au goti langu limeshindikana?

FizioKaskazini

Mkuu wa Rombo, goti lako usilikatie tamaa. Kabla ya kusema umeibiwa nahitaji kitu kimoja. Mashine yoyote ya leza ina kibandiko nyuma au chini, cha rangi ya njano mara nyingi, kimeandikwa namba yenye "nm" na nyingine yenye "mW" au "W", pamoja na daraja. Ukiweza, nenda ukakisome, au waombe wakupigie picha. Ni haki yako kujua kilichoingia mwilini mwako. Uliza pia walikaa sekunde ngapi kila nukta.

Hilo la kutopewa mazoezi linanisumbua zaidi kuliko taa yenyewe. Kuna jaribio la São Paulo, Brazili, la Patrícia Alfredo na wenzake, lililochapishwa 2012. Watu 40 waliosagika magoti. Nusu walipata leza ya nanomita 904, jouli 3 kwa nukta, nukta 9, mara tatu kwa wiki kwa wiki tatu. Nusu walipata leza hewa. Kisha wote, nasema wote, wakafanya mazoezi wiki nane. Kundi la leza lilipata nafuu ya maumivu na utendaji kuliko lilivyoanza, la leza hewa halikupata ya maana, ingawa makundi yakilinganishwa moja kwa moja tofauti ya wazi ilikuwa kwenye shughuli tu. Leza ilitumika kufungua mlango, ili mtu aweze kuchuchumaa na kunyanyuka bila kulia, halafu paja likajengwa. Msuli wa mbele wa paja ndio unaobeba goti ukishuka mteremko na mkungu wa ndizi kichwani. Mwanga haujengi msuli. Kliniki inayokupa taa bila mazoezi imekupa nusu ya jaribio.

Mwana wa Likoni

Swali la nyongeza ndugu: hayo majaribio ya ngozi nyeusi, mbona yasifanywe huku kwetu?

FizioKaskazini

Hilo ndilo ninaloliombea. Hospitali za rufaa zina wagonjwa wa goti wa kutosha kila wiki, wataalamu wa fizio tunao, Moshi wanafundishwa miaka mingi sasa. Jaribio linaandikishwa bure kwenye sajili ya majaribio ya Afrika iliyopo Cape Town, PACTR, na kwa Tanzania kibali cha maadili kinapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Vifaa si vingi: mashine mbili zinazofanana, moja imezimwa mwanga, kipima nguvu cha kuhakiki kila wiki kwamba miliwati zilizoandikwa ndizo zinazotoka, na mtu wa takwimu asiye na upande. Takwimu Kwanza, ukiwa tayari nitumie ujumbe, nasema kwa dhati. Tupime kwanza 904 ya mapigo kwenye ngozi zetu, kwa sababu ndiyo iliyoonyesha haipashi, na leza hewa itabaki siri.

Takwimu Kwanza

Nimekutumia ujumbe. Sharti langu moja: mpango wa uchambuzi uandikwe na kufungwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Mkulima Rombo

Nimerudi. Wamesitasita lakini wamenipa picha ya kibandiko. Kimeandikwa 650 nm, 5 mW. Muda, dada wa pale anasema dakika moja kila sehemu, sehemu sita.

FizioKaskazini

Asante kwa kufuatilia mkuu. Tupige hesabu pamoja.

Miliwati 5 mara sekunde 60 ni jouli 0.3 kwa nukta. Sehemu sita, jumla jouli 1.8 kwa kipindi kizima. Wale wa São Paulo walipata 27. Ili mashine hiyo ifikishe jouli 4 kwenye nukta moja ingebidi ikae pale pale sekunde 800, zaidi ya dakika 13, na nukta sita ni saa moja na dakika ishirini. Halafu nanomita 650 ni mwanga mwekundu, unaishia juu juu kuliko infraredi, na hauko kabisa kwenye mawimbi ya dozi za goti niliyoyataja. Hakuna jaribio hata moja kati ya niliyoyaleta hapa linaloitetea mashine hiyo kwa goti.

Kwa hiyo goti lako bado halijajaribiwa leza. Ningekuwa wewe hela iliyobaki nisingeipeleka kwenye leza nyingine kwa sasa. Nenda fizio ya hospitali ya wilaya ukapimwe, uanze hili leo jioni: kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu mbele mpaka goti linyooke kabisa, kaza paja, hesabu mpaka tano, shusha taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Likiuma kidogo endelea, likivimba pumzika siku moja. Niandikie hapa baada ya wiki mbili unisimulie kuhusu kushuka mteremko.